Mechi za sikukuu: siku ya mapumziko ni ya nani?

Tarehe 23 Desemba, Benin. Tarehe 27, Senegal. Tarehe 30, Botswana. Tarehe 6 Januari, Algeria. Katikati ya hizo kuna Noeli, kuna Bonane, na kuna tarehe 4 Januari, Siku ya Mashahidi wa Uhuru. Hiyo ndiyo ratiba iliyomkuta shabiki wa Léopards, timu ya taifa ya Kongo, hapa Nguba, Bukavu, mwishoni mwa mwaka 2025, Kombe la Mataifa ya Afrika lilipochezwa Moroko kuanzia 21 Desemba hadi 18 Januari. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1957 hayakuwahi kuikuta Noeli uwanjani. Safari hii yalisogezwa kwa sababu Juni na Julai 2025 zilikwisha chukuliwa na Kombe la Dunia la Klabu la Fifa.

Makocha wa Ulaya walinung'unika kwamba wananyang'anywa wachezaji wakati ambao mechi zimesongamana kuliko wakati wowote. Madaktari wa michezo wakasema miili ya vijana imechoka. Wana hoja, na nitairudia. Lakini huku kwetu, kwenye mteremko unaoshuka kutoka barabara kuu hadi Ziwa Kivu, jambo lenyewe lilipokelewa kwa furaha isiyofichika. Watu walikuwa nyumbani. Wanafunzi wamefunga shule, waliokwenda Idjwi, Kabare na Walungu wamerudi, mama wa samaki wa sambaza wameuza mapema ili wafunge meza. Nani atacheza mpira siku hizo kama si sisi, na nani atautazama kama si sisi?

Msongamano wa mechi za sikukuu haukubuniwa na televisheni, ingawa televisheni ndiyo inayolaumiwa leo. Ulitokana na mtu wa kazi kukosa siku yake mwenyewe. Ukiifuata historia ya mechi hizi, kokote duniani, utakuta swali moja linarudi: siku ya mapumziko ni ya nani? Ya tajiri, ya kanisa, ya serikali, au ya mtu mwenyewe?

Mechi ya kwanza ya kandanda kati ya klabu mbili inayojulikana duniani ilichezwa siku ya pili ya Noeli, tarehe 26 Desemba 1860, kati ya Sheffield na Hallam, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe hiyo haikuokotwa tu. Wakati huo mfanyakazi wa kiwandani alikuwa kazini siku sita kwa wiki, na Jumapili haikuwa siku ya kucheza kwa sababu kanisa halikuruhusu. Zikabaki sikukuu. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya sikukuu za benki, na 26 Desemba ikawa siku ya mapumziko kisheria. Ligi ya kandanda ilipoanza mwaka 1888 haikuwa na haja ya kujiuliza mechi kubwa ziwekwe lini. Watu walikuwa tayari njiani.

Mchezo ulioipitisha hoja hii hadi mwisho wake, hata hivyo, haukuwa kandanda. Ulikuwa raga, na hasa ile raga ya wachezaji kumi na tatu ambayo huku Kivu wachache sana wameiona. Naipa nafasi hapa kwa sababu ni mchezo uliozaliwa kutokana na mshahara wa siku moja. Katika miji ya Yorkshire na Lancashire wachezaji walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Jumamosi walikuwa wakifanya kazi hadi mchana, na kila waliposafiri kucheza mbali walikatwa mshahara. Klabu zao zikaomba jambo dogo: mchezaji afidiwe muda alioupoteza kazini, shilingi sita. Mwezi Septemba 1893 wakubwa wa raga walikutana London wakaikataa hoja hiyo kwa kura 282 dhidi ya 136. Walisema mchezo ni wa kujitolea. Kujitolea ni rahisi kwa mtu anayelipwa hata asipofika kazini.

Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitenga. Siku tisa tu baadaye mechi zao za kwanza zilichezwa. Ndipo ikajengeka desturi ambayo mashabiki wa Wigan na St Helens, Leeds na Wakefield, bado wanaizungumza kama watu wanavyozungumza mambo ya ukoo: mahasimu wa jirani walikutana siku ya pili ya Noeli, na tena Ijumaa Kuu, na Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na mechi nyingine. Mashabiki walitoka kanisani au mezani wakaenda uwanjani kwa miguu, maana mpinzani alikuwa mji wa pili tu. Mwaka 1996, fedha za televisheni zilipoihamishia ligi kuu ya raga hiyo kwenye majira ya kiangazi, mechi ya Noeli ikapoteza pointi. Haikupoteza watu. Leeds na Wakefield waliendelea kukutana kirafiki siku hiyo, na watazamaji wakaendelea kuja na makoti yao, bila pointi zozote za kugombea.

Wanawake pia waliingia kwa mlango huohuo wa sikukuu. Siku ya Noeli 1917, wakati wa vita, wasichana wa kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston walicheza kandanda mbele ya watu wapatao 10,000 ili kuchangia hospitali ya askari waliojeruhiwa. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Everton mjini Liverpool, timu hiyo ilitazamwa na watu 53,000. Haikupita miezi kumi na miwili. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha kandanda cha Uingereza kilizifungia timu za wanawake viwanja vya klabu zake, kikisema mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Sidhani kwamba waliogopa miguu ya wale wasichana. Waliogopa umati ule, uliokuwa umeonyesha kwamba ukiachiwa siku yake utachagua wenyewe cha kutazama.

Kuhusu uchovu, wazee wa Uingereza walicheza ratiba ambayo leo ingepelekwa mahakamani. Timu mbili zilikutana Noeli kwa mmoja, kesho yake kwa mwingine. Tarehe 26 Desemba 1963 katika daraja la kwanza yalifungwa mabao 66 katika mechi kumi: Fulham 10 Ipswich 1, Burnley 6 Manchester United 1, Blackburn wakaifunga West Ham nyumbani kwake 8 kwa 2. Siku mbili baadaye timu hizohizo zilirudiana. Ipswich ikaifunga Fulham 4 kwa 2, Manchester United ikaifunga Burnley 5 kwa 1, na West Ham ikashinda Blackburn 3 kwa 1. Matope, miguu mizito, na labda meza ya Noeli iliyoliwa hadi usiku. Mashabiki waliotazama zote mbili waliona mpira ambao hauwezi kupangwa na kocha yeyote.

Tuje kwetu. Wakati Bukavu ingali ikiitwa Costermansville, mji ulikatwa kama mkate. Ibanda, pamoja na rasi zake zinazoingia ziwani na mitaa kama Muhumba na Nguba hii, ilikuwa ya Wazungu. Kadutu na Bagira zilikuwa za wafanyakazi Waafrika. Aliyepika na kufua Nguba hakulala Nguba; jioni alipanda mlima. Huko juu ndiko mpira ulikokua, na hadi leo uwanja wa mji, Stade de la Concorde, uko Kadutu. Huko ndiko kulikozaliwa ushindani wa Muungano na Bukavu Dawa unaogawanya familia, ndugu huyu huku na yule kule. Ukitaka kuutazama kutoka Nguba, unafuata barabara ya Lumumba hadi Place de l'Indépendance, ndipo mlima uanze, na siku ya dabi huhitaji kuuliza njia.

Mpira wa Kongo ulisukwa na mapadre na makampuni, na wote wawili walikuwa na hofu moja: Mwafrika aliyepumzika. Kampuni ilitaka arudi kazini Jumatatu akiwa na nguvu na bila ulevi. Padre alitaka baada ya misa asiende kwenye ngoma wala kwenye siasa. Kinshasa, iliyokuwa Léopoldville, alikuwapo Padre Raphaël de la Kethulle, ambaye watoto walimwita Tata Raphaël. Alianzisha shule, vyama vya michezo na viwanja, na mwaka 1952 ukafunguliwa uwanja mkubwa ulioitwa kwa jina la Mfalme Baudouin. Lubumbashi, mapadre Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 timu ambayo leo ni TP Mazembe. Nia ilikuwa kuijaza siku ya mapumziko ili isibaki wazi. Kwa haki lazima isemwe kwamba waliwapa watu jambo zuri kuliko walivyokusudia.

Waliojazana uwanjani hawakuwa tena wapishi na makarani wa mtu. Walikuwa umma, wameketi pamoja kwa maelfu, wanasikia sauti yao wenyewe. Mwaka 1957 klabu ya Ubelgiji, Union Saint-Gilloise, ilipocheza Léopoldville, maamuzi ya refa yaliwasha ghasia mitaani. Watawala waliliona kama suala la nidhamu ya mashabiki.

Kisha ikafika Jumapili, tarehe 4 Januari 1959. Siku tatu tu baada ya Bonane, mji ungali kwenye mapumziko. Chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kilikuwa kimeitisha mkutano kwenye ukumbi wa YMCA, nao utawala ukaunyima ruhusa. Watu walikuja vilevile. Kasa-Vubu aliwaomba warudi nyumbani, hawakutaka. Saa hizohizo, mashabiki wapatao 20,000 walikuwa wakitoka Uwanja wa Mfalme Baudouin baada ya mechi ya V.Club, na makundi mawili, la siasa na la mpira, yakawa moja. Polisi walifyatua risasi. Ghasia ziliendelea siku kadhaa. Serikali ya kikoloni ilihesabu wafu 49, na waliozika ndugu zao waliamini kwamba walikuwa wengi zaidi. Tarehe 13 Januari Mfalme Baudouin alitamka redioni kwamba Ubelgiji itaipeleka Kongo kwenye uhuru. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, uhuru ukaja.

Kila mwaka tarehe 4 Januari ofisi hufungwa na hotuba husomwa, na hotuba hizo huitaja ABAKO. Ni sawa. Lakini naona zinasahau uwanja. Bila ile mechi ya Jumapili, mkutano uliokatazwa ungebaki mkutano uliokatazwa. Sikukuu hiyo tunayopumzika imo ndani yake mechi ya msimu wa mapumziko, na wale waliokufa, baadhi yao, walikuwa wametoka nyumbani kwenda kutazama mpira tu. Nasema baadhi yao walikuwa watu kama mimi.

Serikali huru nazo zilijifunza haraka thamani ya siku. Tarehe 21 Januari 1968, Addis Ababa, bao la Pierre Kalala Mukendi liliipa Kongo Kombe la Afrika mbele ya Ghana, na Rais Mobutu akaona mpira unaweza kumfanyia kazi gani. Mwaka 1974 ndio uliozidi yote. Mwezi Machi, mjini Cairo, Zaire na Zambia zilitoka sare 2 kwa 2 kwenye fainali, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Ndaye Mulamba akafunga mabao yote mawili ya ushindi. Alimaliza mashindano akiwa na mabao tisa, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa. Juni, Zaire ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Oktoba, uwanja uleule uliokuwa wa Baudouin, sasa ukiitwa Stade du 20 Mai, ukampokea Muhammad Ali na George Foreman. Na mwaka huohuo, katika ugomvi wake na Kanisa, serikali ya Mobutu ikaifuta Noeli kwenye orodha ya sikukuu. Tarehe 25 Desemba 1974 ikawa siku ya kazi.

Fikiria jambo hilo kwa utulivu. Nchi bingwa wa Afrika, yenye uwanja uliotazamwa na dunia nzima, na raia wake hana ruhusa ya kubaki nyumbani Noeli. Badala yake zilikuwapo 20 Mei, siku ya chama cha Mobutu, na 24 Novemba, siku ambayo alitwaa madaraka. Siku hizo watu waliimba, wakacheza ngoma, wakaandamana mbele ya jukwaa. Uwanja ulijaa, ila waliojaza walikuwa wameitwa. Kwangu mimi tofauti ya mechi ya sikukuu na gwaride la sikukuu ni kubwa mno: kwenye mechi hakuna anayejua mwisho, hata kama ni rais ameketi jukwaani.

Majirani zetu wanayo njia nyingine, nami naipenda. Zanzibar inaadhimisha Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na tangu mwaka 2007 inaadhimisha kwa Kombe la Mapinduzi. Klabu za visiwani na za bara hukutana siku chache baada ya mwaka mpya, mechi baada ya mechi. Yanga ilianza kulichukua, Azam na Simba zikafuata kwa zamu zao, KCCA ya Uganda ikalibeba mwaka 2014 na URA mwaka 2016. Mwaka 2023 na tena 2024 lilibaki kwa Mlandege ya Unguja yenyewe. Mwaka 2025 mashindano yakapelekwa Gombani, Pemba, yakachezwa na timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2 kwa 1 kwenye fainali. Hapa Bukavu tuliyafuatilia mashindano hayo kwa karibu katika miaka ambayo Yanga na Simba zilijaa Wakongomani. Fiston Mayele alipokuwa Yanga, mtu wa Kadutu alijua ratiba ya Dar es Salaam kama ya kwao. Kenya nayo ilionja utamu huo tarehe 12 Desemba 2013, Siku ya Jamhuri, ilipotwaa Kombe la Chalenji nyumbani Nairobi, mabao mawili ya Allan Wanga dhidi ya Sudan.

Katika Kivu ya Kusini sikukuu zina uzito mwingine pia, na siwezi kuupita. Kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, huko Makobola, kusini mwa Uvira, mamia ya watu waliuawa. Kuna familia ambazo Bonane kwao ni matanga. Vita vya 1996 viliuchukua mji huu, Juni 2004 uliangukia tena mikononi mwa waasi, na katika miaka hiyo yote mpira ulifika kwetu zaidi kwa sauti kuliko kwa picha. Redio ndogo ya betri kwenye dirisha, watu kumi chini yake. Radio Maendeleo, iliyoanza hapa Bukavu mwaka 1993, na baadaye Radio Okapi mwaka 2002, zilitufundisha kusikiliza. Anayejua kutazama mpira kwa masikio hasumbuliwi sana umeme unapokatika dakika ya themanini.

Wakati huohuo viwanja vyenyewe vilikuwa vikipungua. Bukavu imejengwa juu ya miteremko. Mahali tambarare ni pachache, na kila palipo na nafasi pamekuwa na mtu mwenye hati. Zamani kila mtaa ulikuwa na mahali pake pa kuchezea siku ya Bonane: avenyu hii dhidi ya ile, waliooa dhidi ya makapera, mshindi anaondoka na mbuzi na wote wanamla pamoja. Mechi za namna hiyo bado zipo Nguba, zinachezwa penye upana wa kutosha goli mbili za mawe. Ni mechi ambazo hakuna gazeti linaloziandika. Ndizo zinazonifanya niamini kwamba mechi ya sikukuu haihitaji shirikisho ili iwepo; inahitaji ardhi, na ardhi inauzwa.

Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafunga milango, na ligi ya taifa haikuja tena Bukavu. Dabi ya Muungano na Dawa yenye pointi za taifa ndani yake haipo. Ndiyo maana ile ratiba ya Moroko ilibeba uzito kuliko ulivyoonekana kwenye karatasi. Timu ya taifa ilikuwa mojawapo ya vitu vichache ambavyo mtu wa Bukavu, wa Kinshasa na wa Lubumbashi waliweza kuvitazama saa ileile, kwa moyo mmoja, bila kuvuka mstari wowote wa vita.

Wachezaji wenyewe walikwisha tuonyesha kwamba wanajua. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ulipopigwa walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja kama bunduki. Walipoteza mechi hiyo kwa bao moja la Sébastien Haller. Siku kumi kabla yake walikuwa wameitoa Misri kwa penalti 8 kwa 7, na aliyefunga ya mwisho alikuwa kipa, Lionel Mpasi. Ukiniuliza ni lipi kati ya hayo mawili linalokumbukwa zaidi hapa Nguba, ni lile la kufunika midomo.

Moroko walianza vizuri. Bao la Théo Bongonda likatosha kwa Benin. Dhidi ya Senegal, Cédric Bakambu alitangulia, Sadio Mané akasawazisha, 1 kwa 1. Tarehe 30, mkesha wa mkesha wa mwaka, Botswana ikafungwa matatu, mawili ya Gaël Kakuta na moja la Nathanaël Mbuku. Na jukwaani, mechi zote, alisimama Michel Kuka Mboladinga, yule shabiki wanayemwita Lumumba Vea: suti, miwani, mkono wa kulia juu, bila kutikisika kwa dakika tisini na zaidi, kama sanamu ya Patrice Lumumba ilivyosimama Kinshasa. Wengine walimcheka mwanzoni. Kwa mtu anayeijua kalenda yetu hakuwa kichekesho. Mashindano yalikuwa yakielekea 17 Januari, siku ambayo Lumumba aliuawa mwaka 1961, nayo ni sikukuu ya taifa. Mtu mmoja aliyesimama aliifanya dunia iulize jina ambalo vitabu vingi vya shule vinalipitia kwa mistari miwili.

Tarehe 6 Januari Algeria ilitufunga bao moja dakika ya 119, Adil Boulbina, penalti zikiwa tayari zinanukia. Waliokuwa wamekodi jenereta walilipa hadi tone la mwisho. Mji ukaenda kulala.

Sasa nirudie hoja ya uchovu. Mchezaji wa leo anacheza mechi nyingi kuliko mwili unavyostahimili, na anayelipwa mamilioni bado ana magoti mawili tu. Nakubali. Wachezaji wa raga ya kaskazini mwa Uingereza walikwisha lalamika kuhusu mechi mbili ndani ya siku nne za Pasaka, na walikuwa na haki. Lakini tazama nini hukatwa kwanza wanapotaka kupunguza. Hawakati mashindano mapya yaliyobuniwa katikati ya mwaka kwa ajili ya wadhamini. Wanataka kukata mechi ya Noeli, mechi ya Pasaka, mechi ya Januari, zile ambazo mtu wa kazi anaweza kuzifikia kwa miguu au kuzitazama akiwa na watoto wake. Wapunguze, ila waanzie juu. Mwaka 1893 walisema mchimba makaa asifidiwe siku yake. Leo wanasema siku yenyewe imejaa mno. Anayeamua ni yuleyule, aliye na siku za kuchagua.

Kuna ratiba moja ambayo tayari naitazama. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania, na CAF imesema litachezwa Juni na Julai. Halijawahi kuja karibu na Bukavu kiasi hicho: unavuka mto Ruzizi, unapita Kigali, unaingia Uganda, na Kampala iko mbele yako kwa basi. Ndani ya tarehe hizo imo 30 Juni. Ninachowaomba wapanga ratiba ni kidogo sana: Léopards wakifuzu, wapewe mechi siku hiyo. Ninachowaomba wenye mipaka na silaha ni kikubwa zaidi: waache njia wazi, mwenye tiketi na jezi apite, arudi.